Harufu ya Ustinya

Kijijini kwetu Zaluchye, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Torzhok, amebaki mchoma lami mmoja tu, naye ni mwanamke. Anaitwa Ustinya Pahomovna. Umri wake unakaribia hamsini. Mikono yake imekolea weusi hadi viwikoni, na kanisani watu humwachia nafasi kubwa pembeni yake. Wenyewe husema ni kwa sababu ya harufu. Mimi nimepanga chumba nyumbani kwake tangu nilipomaliza chuo cha ualimu Tver na kuletwa kufundisha shule ya hapa. Mengi ninayoyaandika nimeyasikia kwa mdomo wake, kipande leo, kingine baada ya miezi, huku akisugua vyungu au akimenya viazi. Mengine nimeyasikia kwa waliomtenda. Hao bado wako hai, wana afya njema, na wanajua sana kusali.

Baba yake, Pahom, alikuwa mchoma lami pia. Kazi yenyewe si siri. Mwanzo wa kiangazi, maji ya mti yakiwa bado yanapanda, unabandua gome la beryoza, mti wetu mweupe. Unalipanga ndani ya tanuri la udongo, unaziba, unawasha moto kwa nje, unangoja. Gome halitakiwi lishike moto. Linatakiwa litoke jasho. Jasho la kwanza ni jepesi, rangi ya chai iliyokolea, na harufu yake ni moshi wenye utamu ndani. Baadaye linatoka zito na jeusi. Hilo zito ni la magurudumu ya mikokoteni. Jepesi huvushwa mto kwenda kwa watengeneza ngozi wa Torzhok, nao huisugulia ngozi mpaka inywe ishibe. Ngozi isiyokunywa lami yetu ni ngozi ya ng'ombe tu. Iliyokunywa haiozi, haipitishi maji, wadudu wanaikimbia, na watu wa nchi za mbali wanaitambua kwa pua kabla hawajaiona kwa macho.

Lakini Zaluchye tuliitengeneza harufu hiyo kwa ajili ya miguu ya wengine. Wanaume wetu walivaa viatu vya kusuka kwa maganda ya miti. Mwenye bahati ya kuwa na mabuti aliyabeba begani hadi mlango wa kanisa, akayavaa hapo, akasali, akayavua. Waliokanyaga ardhi kwa mabuti ya ngozi nzuri kila siku walikuwa mabwana: mkaguzi wa misitu, mkuu wa polisi, wafanyabiashara wa mjini. Kwa hiyo kijijini kwetu harufu ya ngozi mpya ilikuwa na maana moja tu: bwana amepita hapa. Asiyelishika hili hataelewa kilichomvunja Ustinya.

Na lami ilikuwa na kazi nyingine, ambayo haitajwi mbele ya padri. Msichana akishukiwa kwamba amelala na mwanamume, vijana hulipaka lami lango la nyumba yao. Asubuhi kijiji kizima kinapita na kutazama. Hakuna shtaka, hakuna shahidi, hakuna anayeulizwa. Posa haziji tena. Wapo akina baba waliowapiga binti zao palepale langoni, ili wapita njia waone kwamba nyumba ina mwenyewe. Niliwahi kuwauliza watu wazima ninaowafundisha kusoma Jumapili: lango la mwanamume lilipakwa lini? Walicheka. Walidhani nawatania.

Pahom aliwauzia lami hiyo. Mkesha wa sikukuu vijana walikuja na makopo yao.

"Ya nini hii?" aliwauliza.

"Ya magurudumu, mzee wetu."

"Na hilo gurudumu lenu limevaa sketi?"

Wakaangua kicheko, naye akawachotea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu kama watu wote wa Zaluchye, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa.

Vuli moja alifika nyumbani kwake Mjerumani wa Moscow, mtu mfupi mwenye miwani, aitwaye Karl Fyodorovich. Alikuwa mnunuzi wa watengeneza manukato.

"Nataka lami yako ya kwanza," alimwambia Pahom. "Ile nyepesi kabisa."

"Kwani mkokoteni wako ni wa fedha, bwana? Magurudumu hutosheka na nzito."

"Si ya magurudumu. Ni ya mabibi."

Pahom akamtazama binti yake, kisha akamtazama mgeni. "Maskini. Wana chawa?"

Mjerumani alicheka mpaka akavua miwani kuyafuta machozi. Akaeleza kwamba zamani mabibi wa Ulaya walivaa glavu za ngozi zilizotiwa manukato, na mafundi wa glavu ndio waliokuwa mafundi wa marashi. Siku hizi mabibi wanaitaka harufu ile bila glavu. Huko Moscow lami ingesafishwa, ingechanganywa na maua, nayo ingenukia kama ngozi iliyokaa karibu na moto.

"Wanajipaka wapi?" Ustinya aliuliza. Wakati huo alikuwa msichana mwenye nywele za rangi ya shayiri, mchekaji, anayechapa kazi kama wanaume wawili.

"Nyuma ya masikio, binti."

"Hewala," alisema Pahom. "Ulaya imeshiba."

Lakini lami aliichuja vizuri, akaitenga kwenye pipa lake peke yake, na pipa hilo wakaliita la Moscow.

Majira ya kuchipua yalipofika Mjerumani alirudi kuchukua lami nyingine. Alimpa Pahom kichupa kidogo cha kioo, kwa mikono miwili. "Huyu humu ni wewe, Pahom Yegorovich," akasema. Mabwana walikuwa wakimwita Pahom kwa kumpigia mluzi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita kwa jina la baba yake, kama anavyoitwa mtu wa heshima. Mzee alikigeuzageuza kichupa, akakohoa. Mgeni alipoondoka, mzee alimpa Ustinya kichupa.

Ustinya aliniambia alivyokifungua. Kwanza aliona ua, hakujua ni ua gani. Halafu ukaja moshi. Halafu, chini kabisa, baada ya yote, akamkuta baba yake akiingia ndani jioni kutoka tanurini na kuning'iniza koti mlangoni.

Alikuwa ameshaposwa. Mchumba wake alikuwa Demyan, mwana wa mjane Avdotya, aliyekuwa akivusha ngozi kwa mkokoteni. Na si kwamba alipewa tu kama wengi wanavyopewa. Alimpenda. Demyan alikuwa akigombana na farasi wake kama mtu na mkewe, na Ustinya akiwasikia kutoka mbali huanza kucheka kabla hawajafika. Harusi ilikuwa iwe baada ya mavuno.

Siku ya Utatu, wakati kanisa lilipopambwa kwa matawi ya beryoza na sakafu kutandikwa majani mabichi, Ustinya alijipaka tone moja nyuma ya kila sikio. Alitaka mama mkwe ampende. Baada ya sala Avdotya alimbusu mara tatu, kama desturi. Busu la tatu lilichelewa. Uso wa mama yule ulibaki shingoni mwa msichana, na pua ikafanya kazi.

"Umejipaka nini, mwanangu?"

"Manukato, mama."

"Manukato," alirudia Avdotya. Hakuuliza tena. Akaenda kusimama karibu na jirani yake Fyokla, wakainamiana.

Hivi ndivyo walivyofikiri, na Fyokla mwenyewe amenieleza bila kuona haya: msichana wa mchoma lami anaweza kunuka lami, hilo ni la kawaida. Lakini ile haikuwa lami. Ilikuwa ngozi nzuri, ngozi ya bwana, iliyokaa shingoni mwake karibu na nywele. Harufu ya mabuti inapandaje hadi nyuma ya sikio la msichana? Mkaguzi wa misitu alikuwa hapitishi wiki bila kusimama kwa Pahom kunywa maji.

Jioni ile ile, jua likiwa bado liko juu kama kawaida ya kiangazi chetu, Demyan alikuja na chungu.

"Niwekee lami kidogo, Ustya. Magurudumu yanalia."

"Yananililia mimi hayo."

"Labda."

"Nikupe ya magurudumu au nikupe ya mabibi?"

Hakucheka. "Yoyote," akasema.

Ustinya alimchotea kutoka pipa la Moscow. "Ili mkokoteni utakaonipeleka kanisani uende unanukia," akamwambia. Demyan alikipokea chungu bila kumgusa mkono, akageuka, akaenda.

"Nilidhani ana aibu," Ustinya aliniambia. "Nikamwona mzuri zaidi."

Asubuhi lango lao lilikuwa limepakwa.

Pahom ndiye aliyetoka kwanza. Hakupiga kelele. Alisimama pale akiwa na shoka la kuchanjia kuni mkononi, na watu waliokuwa wakipeleka ng'ombe malishoni wakapunguza mwendo. Ustinya alipotoka aliona kitu ambacho wapita njia hawakukijali. Lango halikuwa jeusi. Malango yote yaliyowahi kupakwa Zaluchye yalikuwa meusi tii. Hili lilikuwa rangi ya chai, lami imechuruzika hadi chini na kuingia kwenye majani, na harufu yake ilikuwa ile ile ya nyuma ya masikio yake, bila maua. Kwa watu wa kijijini, chungu kimoja tu cha lami ile kilikuwa kimetoka nyumbani kwao.

"Nani kagusa pipa la Moscow?" baba yake aliuliza. Pua yake haikuwa pua ya kudanganywa.

Ustinya alilitazama lile shoka. "Sijui, baba."

Hakuwahi kumwambia, wala siku ile wala baadaye.

Niseme hapa jambo moja ambalo wenzangu mjini hawalijui. Kwetu, familia ya mvulana ikivunja uchumba bila sababu, huitwa mbele ya wazee, hulipa fidia, na aibu huwa yao. Lango lililopakwa ni sababu tosha. Kwa hiyo Demyan hakulipaka lango lile kwa hasira wala kwa wivu. Mama yake alimwambia ndiyo njia safi, naye akatii. Neno alilolitumia Fyokla aliponieleza ni hilo hilo: safi.

Siku iliyofuata Pahom alivaa shati la kanisani, akachukua kichupa, akaenda kwa Avdotya. Fyokla alikuwepo. Demyan alikuwa kwenye kona, akishona hatamu, na hakuinua kichwa tangu mwanzo hadi mwisho.

"Nusa," Pahom alisema, akakifungua kichupa.

Avdotya akanusa. "Ndiyo hiyo hiyo! Mabuti!"

"Si mabuti. Ni manukato. Wameyatengeneza kwa lami yangu. Mabibi wa Moscow wanajipaka."

"Pahom, ndugu yangu," Fyokla alisema, "ungelala kidogo. Mabibi wa Moscow wajipake lami?"

"Nyuma ya masikio!"

"Na sisi tujipake mavi ya ng'ombe, tuitwe malkia."

Wakacheka wote wawili, na Pahom, akidhani kicheko kinalainisha mambo, akacheka kidogo pamoja nao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

"Haya," alisema Avdotya akifuta macho. "Na hiki kichupa kimetoka wapi?"

"Kaleta yule bwana."

"Bwana."

"Yule wa Moscow. Mnunuzi wa lami."

"Anavaa mabuti, huyo bwana wako?"

Pahom angeweza kusema uongo. Hakuujua. "Anavaa," akasema. "Mazuri."

"Basi Mungu anisamehe," alisema Avdotya. "Nimemsingizia bure mkaguzi wa misitu. Kumbe ni wa mbali zaidi."

 Kila neno alilokuja nalo mzee kumwosha binti yake lilikuwa limegeuka kuwa tope mkononi mwake. Alitoka, na kichupa akakisahau mezani. Hakuna aliyekirudisha.

Nyumbani alijaribu kulipiga lango randa. Lami nyepesi huzama kwenye mbao kuliko nzito, ndiyo maana watengeneza ngozi wanaipenda. Alikwangua mpaka mbao zikawa nyembamba kama sahani, na bado zilinuka. Akalivunja, akalichoma uani, na moshi ukatanda kijiji kizima siku nzima. Watu wakafunga madirisha yao na kusema Pahom anawatapishia aibu ya binti yake.

Hakumpiga. Tangu siku ile hakumuuzia mtu lami mkesha wa sikukuu, hata ya magurudumu ya kweli. Akawa anakaa karibu na jiko na kutaja majina ya wasichana: Lukerya wa kinu, Stepanida, yule mdogo wa nyumba ya mwisho aliyekwenda mjini na hajasikika tena. Ustinya mwanzoni hakuelewa. Halafu akatambua kwamba baba yake anataja malango. Alikufa msimu wa baridi wa pili. Siku za mwisho alimshika binti yake mkono na kumwambia, "Niliwauliza kama gurudumu limevaa sketi." Akarudia hivyo hivyo mpaka sauti ikaisha.

Demyan alioa msichana wa kijiji cha pili. Karl Fyodorovich alikuja miaka kadhaa, kisha hakuja tena. Ustinya akabaki na tanuri. Hakuna aliyemtukana waziwazi, maana lami yake ni nzuri na mikokoteni lazima iende. Wakimwita harusini humpa kazi ya jikoni. Watoto wakizaliwa hachaguliwi kuwa mama wa ubatizo. Mtu mzima mwenye akili, anayejua kuimba, anayejua kuchekesha, amekaa pembeni ya maisha kama kiti kibovu kisichotupwa. Nilipofika kwake na kuusikia mwanzo wa habari hii, nilitaka kusimama kanisani na kuwafokea wote. Alinikataza. "Mwalimu, utaondoka," aliniambia. "Mimi nitabaki nao."

Nilimuuliza mara moja alichokitaka. Kulipiza? Fidia?

"Nataka waseme haikuwa kweli," alijibu. "Basi. Waseme kwa sauti, kama walivyolisoma lile lango kwa sauti."

Krismasi iliyopita, mke wa mfanyabiashara mmoja wa ngozi wa Torzhok alikuja kusali kwetu, kwa sababu mumewe alikuwa amelitolea kanisa kengele. Alisimama mbele, amevaa koti la manyoya. Joto la mishumaa na watu lilipopanda, harufu ikaanza kutembea. Nilikuwa nimesimama katikati. Niliona vichwa vikiinuka kimoja kimoja. Ilikuwa ua, halafu moshi, halafu ngozi.

Fyokla siku hizi hasikii vizuri, kwa hiyo husema kwa sauti ya shambani hata ndani ya kanisa.

"Jamani, nani kamwita Ustinya mbele? Naisikia harufu yake!"

Mama wa mjini aligeuka, akafurahi kwamba ametambuliwa. "Ni manukato ya Moscow haya, bibi," akasema. "Yanaitwa ya ngozi. Na unajua yanatengenezwa kwa nini? Kwa lami! Huwezi kuamini, eti?"

 Hata padri alikosea mstari. Demyan, ambaye sasa ndevu zake zina mvi na ndiye mtunza mishumaa, alikuwa ameshika mshumaa usiowashwa, na aliendelea kuushika. Ustinya alikuwa nyuma kabisa, mahali pake. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Hilo ndilo lililonionyesha kwamba wote wameelewa, kwa sababu wasingeelewa wangegeuka.

Nilikwenda nyumbani karibu nikiruka.

"Watakuja!" nilimwambia.

"Akina nani?"

"Wote! Wamesikia kwa masikio yao. Wamenusa kwa pua zao. Hakuna njia nyingine, Ustinya Pahomovna, lazima waje."

"Wewe mwalimu hujawahi kuishi kijijini?"

"Nimezaliwa kijijini."

"Umezaliwa ukaondoka."

Lakini wiki ile alianza kujishonea kitambaa kipya cha kichwa, cheupe, chenye ua jekundu pembeni. Alisafisha nyumba, akapaka jiko chokaa. Kila mbwa wa jirani alipobweka, mikono yake ilisimama. Theluji ilirundikana mlangoni, nikaikwangua kila asubuhi ili njia iwe wazi. Hakuna aliyekuja. Avdotya alikuwa ameshakufa, lakini Fyokla anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilipomuuliza barabarani kwa nini haji, alinijibu, "Yamepita hayo, mwalimu. Sasa tukiyafukua atafaidika nini? Ameshazeeka."

Ikaja Jumapili ya Kusameheana, siku ya mwisho kabla ya Kwaresima. Siku hiyo, baada ya sala ya jioni, watu wote wa Zaluchye husimama mstari mmoja kanisani, na kila mtu humwendea kila mtu. Humwinamia na kusema, "Nisamehe." Naye mwenzake hujibu, "Mungu atasamehe, nami nasamehe." Wanabusiana, wanaendelea. Dhambi haitajwi. Mke na mume, adui na adui, aliyeiba kuku na aliyeibiwa, wote kwa maneno hayo hayo, upesi upesi, maana chapati za siagi, za mwisho kabla ya mfungo, zinangoja nyumbani.

Kabla hatujatoka Ustinya alisimama mbele ya kioo na kitambaa chake kipya.

"Mtu akikuomba msamaha," aliniuliza, "si ni haki yako kumuuliza kwa lipi?"

"Ni haki yako kabisa," nilimwambia.

Walikuja mmoja mmoja. Wasichana aliowatengenezea mafuta ya vidonda, wanaume wanaonunua lami yake. "Nisamehe." "Mungu atasamehe, nami nasamehe." Fyokla alikuja, akambusu kwa kishindo. Ustinya alimjibu kama wengine. Nilidhani ameghairi. Halafu akafika Demyan, na nyuma yake mkewe, na nyuma ya mkewe binti yao mkubwa, ambaye ameposwa na ataolewa baada ya Pasaka.

Demyan akainama. "Nisamehe, Ustinya Pahomovna."

"Kwa lipi, Demyan?"

Hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo. Mstari ukasimama. Demyan aliinuka polepole, kana kwamba mgongo umemkamata.

"Kwa yote," akasema.

"Yote nimeshasamehe. Nauliza moja."

"Ustya."

"Moja tu. Litaje, na mimi nitakujibu, na tutabusiana mbele ya hawa wote."

Alifungua mdomo. Nilikuwa karibu, niliona ulimi wake ukipanda kutafuta neno. Nyuma yake binti yake alikuwa akimtazama bila kuelewa, mikono yake kifuani, msichana mzuri, mwenye lango jipya nyumbani kwao, la mbao nyeupe. Demyan akageuza kichwa kidogo, akamwona. Mdomo ukajifunga. Akapiga magoti, mtu mzima yule, akaugusa ubao wa sakafu kwa paji la uso, akainuka na machozi ndani ya ndevu.

"Nisamehe kwa yote," akasema tena.

"Songeni jamani, tunaganda huku," mtu alisema nyuma.

 Ustinya akasema, kwa sauti ya chini lakini iliyosikika:

"Mungu atasamehe."

Tulingoja. Demyan alingoja. Nusu ya pili haikuja. Hakumbusu. Akageukia wa pili katika mstari, mke wa Demyan, akamjibu jibu zima, na binti pia akamjibu zima na kumbusu mashavu yote mawili.

Hatujafika nyumbani habari ilikuwa imeshatutangulia. Njiani niliisikia kwa masikio yangu, kutoka vibarazani, ikipita kwa Fyokla na kwenda mbele: Ustinya kamkatalia mtu msamaha. Mtu amepiga magoti, amelia, na yeye kama jiwe. Mkesha wa Kwaresima! Tulijua moyo wake ulikuwa hivyo.  Kijiji kilichomtia doa kwa uongo, kikanyamaza siku uongo ulipofichuka, kilikuwa kimepata lango jingine la kulipaka, na safari hii hakikuhitaji hata lami.

"Jumapili ijayo nitasimama nilitaje mimi," nilimwambia alipokuwa akiwasha taa. "Nitasema kila kitu. Chungu, pipa, jina lake."

"Ukilitaja wewe litakuwa neno lako." Alikaa mezani bila kuvua kitambaa. "Nilitaka kumjibu, mwalimu. Usidhani nilipanga. Nilipomwona amelala pale sakafuni nilitaka kumwambia lote. Nikaitafuta ile nusu mdomoni, sikuikuta. Haikuwemo."

"Hukukosea kitu."

"Nimekosea. Nitaingia kwenye mfungo nikiwa sijamsamehe mtu. Sijawahi. Hata mwaka ule." Mikono yake myeusi ilikuwa juu ya meza, akaitazama kama ya mtu mwingine. "Miaka yote hii walikuwa wananisema jambo la uongo, nami nilikuwa nalala kwa sababu najua ni la uongo. Sasa wana la kweli."

Nilimsogezea sahani ya chapati. 

Akainuka, akakusanya chapati ambazo hatukuzigusa, akatoka nazo na kuwapa mbwa wa jirani, kwa sababu kuanzia asubuhi siagi ingekuwa mwiko.